Tanga Lililochukuliwa kwa Utani

Siku mke wangu alipochukuliwa na maji ya Ruvu, tanga la mashua yetu lilikuwa limetandazwa juu ya kichwa cha akida, mtawala wetu mdogo wa Wajerumani, likimkinga mvua. Nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimenasa katika matete upande wa chini wa kisiwa kilichopo katikati ya mto, maji yamenifika kidevuni, mgongo unawaka kwa viboko vya jana yake, na kila nilipoinua uso kutafuta pumzi nililiona ng'ambo, kwenye baraza la Korogwe ile ya zamani, ya mtoni, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo. Katikati yake palikuwa na kiraka cheusi cha kaniki. Kiraka hicho alikishona mke wangu. Yeye mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumpoteza machoni.

Akida alisikia kelele za watu waliokuwa wakizama. Akasimama, akatazama mtoni. Kisha akaketi tena. Mvua ilikuwa kubwa na pale alipokaa palikuwa pakavu.

Mpaka leo wako watu wanaosema ile ilikuwa ajali ya mto. Nasema hapana. Mto ulijaa kama unavyojaa kila masika, haukufanya neno jipya. Waliofanya neno jipya ni watu wawili, na wote wawili wapo hai, wanakula, wanalala. Nitaeleza jinsi walivyofanya, na asiyependa aache kusoma hapa.

Kwetu ni upande wa Handeni, nchi ya Wazigua, nchi kavu. Mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani, ndio mpaka wetu na Korogwe. Baba yangu alikuwa mvushaji, nami nikawa mvushaji baada yake, kwa mtumbwi uleule wa gogo moja aliouchonga yeye. Mtumbwi huo ulibeba watu wachache na mzigo mmoja, tena mwenye mzigo aukalie asitikisike. Kiangazi kazi ilikwenda vizuri. Unasimama nyuma, unachoma upondo chini, unasukuma, umefika. Lakini masika Ruvu hupanda mpaka mashambani, upondo haugusi chini, na mtumbwi huchukuliwa kama jani. Basi masika yote tulikaa nyumbani tukila akiba, na watu wa Handeni wenye mbuzi na ufuta walikaa upande wao wakiitazama Korogwe kama wanaitazama Maka.

Hayo yalivumilika zamani. Gari moshi lilipofika Korogwe mambo yakabadilika. Kila kitu kikawa kinauzwa ng'ambo: chumvi, majembe, nguo. Mke wangu akaanza kunisumbua. Alikuwa mwanamke asiyeweza kuona watu wamesimama ukingoni wanangoja bila kufanya neno. Akaniambia, "Baba watoto, mtumbwi huu ulimfaa baba yako kwa sababu baba yako alikuwa anavusha wageni wa msiba. Sasa kuna soko."

Ilikuwapo mashua. Mzungu mmoja wa shamba la pamba aliileta kutoka Tanga juu ya behewa la gari moshi, ili avukie kwenda shambani kwake upande wetu. Ilikuwa imekwisha fanya kazi miaka mingi baharini kabla hajainunua. Pamba ikamshinda, homa ikamshika, akarudi kwao, na vitu vyake vikabaki kwa nyapara wake, mtu wa Pangani aliyekuwa ameoa kwetu. Nyapara huyo alikuwa amechoka na vyombo vya maji tangu utoto. Alichotaka ni ng'ombe jike na mahali pa kulima. Mimi nilikuwa na ng'ombe na nilikuwa na mahali. Tukakubaliana.

Siku ya kuitazama, mke wangu aliizunguka yote, akaigonga mbavu, akasukuma kidole katika ubao mmoja na kidole kikatokea ndani. Akamwuliza nyapara, "Shemeji, hii ni mashua au chujio?"

"Ni mashua iliyochoka, shemeji. Hata wewe utachoka."

"Mimi nikichoka sivuji."

Tuliichukua hivyohivyo. Ubao ule mbovu tukauziba kwa bati la debe. Nyufa tukazishindilia pamba, ile ile iliyomshinda mzungu, tukaipaka mafuta ya mbarika. Tanga lilikuwa limeliwa na panya ghalani. Lilikuwa la kitambaa kizito cha meli, si amerikani ya dukani, na kiraka cha kawaida kilikuwa hakikai. Mke wangu akaitoa kaniki yake ya arusi, akaikunja mara kadhaa, akaishona katikati kwa sindano ya magunia. Nilimwambia asiharibu nguo. Akasema nguo ile ilikuwa sandukuni haifanyi kazi, sasa itafanya.

Majirani walicheka sana. Mzigua na tanga, wapi na wapi! Siku ya kwanza tulizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, tukaishia katika matete, na watu wa kisiwani wakatupigia makofi. Lakini nyapara alitufundisha kwa uvumilivu. Alasiri upepo hutoka baharini, hupanda bonde lote la Ruvu, yaani huenda kinyume cha maji. Ukilishika tanga vizuri, maji yanakusukuma chini na upepo unakusukuma juu, nawe unapita katikati ya ugomvi wao mpaka ng'ambo. Ndiyo siri yote. Mimi nilishika usukani. Kamba ya tanga alishika mke wangu, na aliijua kuliko mimi. Upepo ukibadilika alikuwa amekwisha ivuta kabla mimi sijageuza shingo.

Masika yale ya kwanza tulivusha. Hakuna aliyewahi kuvusha masika. Tulivusha mbuzi, magunia ya ufuta, maharusi, mwanamke mmoja na kuku wake wote ndani ya tenga. Tulimvusha Mmasai ambaye hakukubali kuketi. Alisimama njia nzima ameukumbatia mlingoti, macho kayafumba, na alipofika akautemea mate mlingoti kuubariki. Kwetu haikuingia njaa mwaka ule. Wale waliocheka wakaanza kuniita nahodha, na mimi sikukataa. Cheo hicho nilikipata kwa haki, nikakaa nacho.

Sasa nije kwa mtani wangu.

Kwetu kila ukoo una watani wake, tangu mababu. Mtani hutukana na hajibiwi kwa hasira. Mtani huingia kwako, akaona jembe zuri, akalibeba akasema, "Hili langu, mtumwa wangu wewe," nawe unacheka. Ukikasirika umewaaibisha wazee wako. Kisha unakwenda kwake na kuku, unakomboa kitu chako, mnamla kuku pamoja, mambo yamekwisha. Na mtu akifa, mtani ndiye anayesimamia maziko, ndiye anayewachekesha wafiwa wasife na huzuni. Si mchezo wa kipuuzi. Bila mtani mtu hazikwi sawasawa. Huyu wangu tulikua pamoja. Aliwahi kuninyang'anya kofia siku ya arusi yangu, nikaoa kichwa wazi.

Alikuja mchana, watu wamejaa ukingoni wanangoja upepo wa alasiri. Akapita katikati yao akipiga kelele kwamba watumwa wake siku hizi wamekuwa matajiri, wanatembea juu ya maji kama bata. Akapanda mashuani. Akaanza kulifungua tanga.

Mke wangu akamwambia, "We mzee, hilo ukilichukua utalifanyia nini, na kwako hakuna hata bakuli la maji?"

Akasema, "Nitajifunika. Ninyi watumwa wangu mnalala juu ya vitambaa vya Wazungu, mimi bwana wenu nalala juu ya ngozi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka. Mke wangu alicheka. Tena nilimsaidia kulikunja, kwa sababu lilikuwa zito na alikuwa analikunja vibaya. Akalitia begani, akaondoka anaimba. Nikawaambia watu waje kesho, leo nimeporwa na bwana wangu, na wao wakaenda zao wanacheka njia nzima.

Wengi wameniambia baadaye kwamba nilikuwa mjinga kucheka. Siwakubalii. Nilicheka kama baba yangu alivyocheka na babu yangu alivyocheka. Kicheko kile kilikuwa safi. Uchafu ulikuwa kwa aliyekitumia.

Kesho yake nikachukua kuku, nikamwendea. Nikamkuta amevaa kofia nyekundu ya tarishi, mpya, ambayo jana yake hakuwa nayo. Akamshika kuku, akampima kwa mkono.

"Mtumwa wangu, kuku huyu amekonda kama mkeo."

"Mle hivyohivyo. Nipe tanga."

"Halipo kwangu."

"Umelilaza wapi?"

"Akida kalipenda."

Nilikuwa bado nacheka. Nikangoja na yeye acheke. Akaanza kumtazama kuku. Nikamwuliza akida amelipendaje wakati hajaliona, na yeye ndiye aliyelichukua. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwenye orodha ya watu wa kwenda kulima pamba ya Wazungu jina lake limefutwa, naye amepewa utarishi, na kwamba mimi ni ndugu yake nisilifanye jambo kubwa.

Nikaelewa. Bwana Mkubwa wa Kijerumani alikuwa anakuja kukagua, masika yameanza, na paa la baraza la akida lilikuwa linavuja. Akida alilitaka tanga langu liwe kivuli cha mgeni wake. Angetuma askari ningelificha, au ningekwenda kulia mbele ya huyohuyo Bwana Mkubwa. Kwa hiyo akaulizia. Mtu wa pwani, hakuzaliwa kwetu, lakini alikuwa amekaa kwetu kiasi cha kujua kwamba mtani hakataliwi. Akamtafuta mtani wangu.

Nilikwenda barazani siku hiyohiyo kwa mtumbwi wa baba, maji yakiwa bado hayajapanda sana. Mke wangu alinifuata. Tanga lilikuwa limekwisha tundikwa, na watu wenye mashauri yao wamekaa chini yake. Nikamwamkia akida kwa heshima, shikamoo kama inavyopasa, nikasema nimekuja kuchukua tanga langu.

Akaniuliza kwa upole, "Umeibiwa?"

"Nimechukuliwa."

"Ulipiga kelele?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

Nikasema nimekuja kwa ajili ya tanga tu. Akarudia. Nikasema nilicheka. Watu wa barazani wakacheka pia, na yeye akawaacha wacheke hadi mwisho. Kisha akasema hajaona mtu anaibiwa huku anacheka, tena anamkunjia mwizi mzigo. Tanga hili ameletewa zawadi na mwenyewe aliyepewa. Shauri limekwisha.

Nilipaswa kutoka. Sikutoka. Nikamwambia hivi, na watu waliokuwapo ni mashahidi: "Wewe una askari wenye bunduki na hukuwatuma. Ulimtuma mtani wangu kwa sababu uliniogopa."

Kwa neno hilo nililala chini nikapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, chini ya tanga langu mwenyewe. Sikulia. Nasema hili si kwa kujisifu, nasema ili yeye akumbuke kwamba sikulia, maana najua anakumbuka.

Nilipoinuliwa, akida akatoa amri nyingine palepale. Kulikuwa na vibarua upande wetu wa mto, watu wa Bara waliokuja kuchuma riziki, waliopaswa kuwa shambani upande wa Korogwe kabla Bwana Mkubwa hajafika. Asubuhi niwavushe. Nikamwambia kufika asubuhi mto utakuwa umejaa, na mashua haina tanga. Akasema mashua ina makasia.

Hapo mke wangu alipiga goti mbele yake. Hakuwa mwanamke wa kupiga magoti. Nilikuwa sijapata kumwona akifanya hivyo kwa mtu yeyote isipokuwa mama yake. Akasema, "Mzee, niazime tanga kesho alasiri tu. Tukiisha vusha watu wako nitalileta mwenyewe, nitalifunga mwenyewe hapa lilipo."

Akida akamjibu, "Na mgeni akifika kesho alasiri, akae kwenye mvua?"

Ndiyo maneno yake. Sikuongeza, sikupunguza. Mtani wangu alikuwa amesimama nyuma yake na kofia yake nyekundu, ameyasikia.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba siendi, waje waniue. Akawa ananipaka mgongo samli, akasema watakuja, na hawataniua mara moja, watanimaliza kidogo kidogo mbele ya watoto. Akasema kasia atashika yeye mbele, vibarua wawili wenye nguvu watashika katikati, mimi nishike usukani. Tuanze mbali upande wa juu, maji yatushushe taratibu, tuingie ng'ambo kabla ya kisiwa. Lilikuwa shauri zuri. Kwa mto wa kawaida lingefaulu.

Asubuhi nilikuwa siwezi kuketi, nikapiga magoti kwenye usukani. Vibarua walikuwa wengi kuliko tulivyoambiwa, na askari aliyewaleta akawashindilia wote. Wengine hawakuwahi kuona mto. Mashua isiyo na upepo ni gogo tu. Tulipofika katikati maji yalitukamata, na makasia yakawa kama vijiko. Nilimsikia mke wangu akiwahesabia wapigaji, vuta, vuta, vuta, sauti yake haitetemeki. Tulikikosa kituo cha kushukia ng'ambo. Chini yake, kisiwani, zilikuwapo nguzo za daraja la magogo la zamani, zimezama nusu. Mashua ikaenda kuzigonga ubavu. Ubao wa bati la debe ukafunguka. Yeye alikuwa mbele, upande ule wa nguzo.

Vibarua wengine walishika nguzo wakaokoka. Wengine hapana. Majina yao hakuna aliyeyauliza, hata mimi siyajui, na hilo nalo liwekwe katika shauri hili. Mimi maji yalinitupa katika matete, na kutoka pale nikaona nilichokieleza.

Alipatikana chini mtoni, kwa watu wa Handeni wenzetu, wakamleta amefunikwa majani ya mgomba. Tulipokuwa tunachimba, mtani wangu akaja. Kofia aliivua akaishika mkononi. Alikuja kufanya kazi ya mtani: kushika jembe, kumtania marehemu, kutuchekesha. Akaanza kusema, "Mtumwa wangu huyu hata kufa..." akanyosha mkono kuchukua jembe.

Nikamwambia, "Toka. Wewe si mtani wangu."

Wazee walishtuka kuliko walivyoshtuka kwa kifo. Jambo hilo halijapata kufanyika. Walinivuta kando, wakaniambia mke wangu atakwenda vibaya, utani haufutwi na mtu mmoja, wenyewe waliouweka wamekufa. Nikawajibu kwamba mimi sikuufuta. Aliyeufuta alilipwa kofia. Nikamzika mke wangu bila mtani na bila kicheko, na ikiwa amekwenda vibaya kwa ajili hiyo basi wa kuulizwa wanajulikana.

Bwana Mkubwa alikuja, akakaa chini ya tanga. Sijasikia kwamba aliuliza limetoka wapi. Mimi nilifungwa mnyororo nikachimba barabara, kosa langu ni kupoteza vibarua wa watu. Katika mnyororo huo alikuwapo kijana mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule, akanifundisha herufi kwa kuziandika mchangani wakati wa kupumzika. Ndiyo shule yangu. Mwandiko wangu ni mbaya lakini unasomeka.

Wajerumani wamekwenda. Akida hakwenda, watawala wapya wamemkuta barazani wakamwacha barazani. Mtani wangu yuko Korogwe, na nasikia kwenye harusi za watu bado anatania, watu wanacheka. Watoto wangu wamekuwa wakubwa, na wakivuka mto wanaona aibu kuniuliza habari za mama yao.

Basi nawauliza mimi, ninyi wawili. Sidai ng'ombe wala mbao. Akida, wewe unayeamua mashauri ya watu: kaa chini siku moja uulizwe lako. Ulipomwambia mke wangu kuhusu mgeni na mvua, uliujua mto haukuvukika, au hukuujua? Na wewe uliyekuwa mtani wangu, njoo siku ya gulio watu wakiwapo, wanangu wakiwapo, usije na kofia, usije na mzaha. Siku ile ulipokuwa unalikunja tanga nami nakusaidia, ulikuwa umekwisha jua linakwenda kwa nani. Mbona hukuninong'oneza? Tulikuwa tumeinama vichwa vyetu vinagusana, hakuna ambaye angesikia. Neno moja lilitosha. Nijibu kwa nini hukulisema.